Kisigino cha Bi Harusi Hakiponi kwa Sindano ya Ijumaa

Leo naomba tuache kidogo mambo ya shela na vijora, tuzungumze kisigino. Ndiyo, kisigino. Yale maumivu ya alfajiri: unashuka kitandani uende kutawadha, mguu unagusa sakafu, unahisi kama umekanyaga msumari. Unachechemea mpaka bafuni huku umeshika ukuta. Baada ya hatua ishirini thelathini yanapungua, unasahau. Ukikaa kitako saa moja halafu ukasimama, yanarudi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona na kukodisha magauni ya harusi hapa Ifakara. Sijasomea udaktari, lakini kazi yangu iko chini ya pindo la gauni, kwa hiyo miguu ya wanawake naijua. Nao wanaolalamika kisigino ni wengi kuliko wanaolalamika kiuno. Msimamo wangu nausema mapema: matibabu mapya ya tatizo hili yapo, mengine mazuri, lakini wanawake tunauziwa cha bei kubwa kabla hatujapewa cha bure. Na hicho cha bure chenyewe tunashindwa kukifuata kwa sababu nyumbani hakuna anayetupisha tukae.

Kwanza tujue ni kitu gani. Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda mpaka kwenye vidole. Ndio unaoshikilia ule upinde wa mguu. Ukanda huo ukibebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, siku baada ya siku, unachakaa pale unapojishikiza kwenye kisigino. Wataalamu wanaita plantafashaitisi. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hulipata katika maisha yake, na huwapata zaidi watu wanaosimama muda mrefu, wenye uzito mkubwa, wenye misuli ya vigimbi iliyokaza, na walioongeza ghafla kutembea au kukimbia.

Jina hilo kwa lugha ya madaktari lina maana ya uvimbe wa moto, na ndiyo sababu kwa miaka mingi watu wamepewa vidonge vya kushusha uvimbe. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichunguza nyama iliyotolewa kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji wa kisigino, na hawakukuta uvimbe. Walikuta uchakavu. Hilo si jambo dogo. Kitambaa kilichochakaa mshononi hukipigi pasi ukategemea kitakaza. Vidonge vinaweza kukutuliza siku mbili tatu ukalala, ila ukanda uko palepale.

Na lile la "mfupa umeota"? Kila wiki nalisikia. Mtu kapigwa picha, kaonyeshwa kimfupa kama mwiba chini ya kisigino, karudi nyumbani analia anasubiri kupasuliwa. Watu wengi wana kimfupa hicho na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa vibaya bila ya kuwa nacho. Ugonjwa huu kwa kawaida daktari huujua kwa kukusikiliza na kukubonyeza kisigino kwa ndani, pale upinde unapoanzia. Picha huhitajika pale anapohisi kuna kingine.

Sasa niwaambie kwa nini huku bondeni ninauona sana. Bonde la Kilombero ni mpunga. Mwanamke wa huku anapandikiza ndani ya maji akiwa peku, anapalilia, anakaa kwenye dungu kuamia ndege, anavuna, anapura, anabeba. Msimu ukianza anatoka kwenye siku za kukaa nyumbani anaingia moja kwa moja kwenye siku za kusimama tangu jua halijachomoza. Mguu haukupewa wiki hata mbili za kuzoea. Akirudi mjini anauza mama lishe, amesimama juu ya saruji na ndala zilizokwisha mpaka unaona ardhi kupitia kisigino chake. Sisi mafundi nasi tuna yetu: asubuhi nzima tumesimama mezani tunakata, jioni tunapiga pedeli. Kitu kimoja tu mji wetu unatusaidia, nacho ni baiskeli. Ifakara kila mtu ana baiskeli, na mwenye kisigino kibovu anaweza kuendesha bila kukipigiza chini.

Dunia inaujua mji huu kwa malaria. Waswisi walianzisha hapa maabara yao katika miaka ya 1950, ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na mambo mengi kuhusu mbu na vyandarua yamefanyiwa utafiti kwenye vijiji vyetu. Alhamdulillah, watoto wamepona. Kisigino hakiui, kwa hiyo hakihesabiwi. Lakini muulize mama anayetegemea eka mbili za mpunga, akishindwa kusimama wiki tatu za kupalilia, mwaka ule nyumba yake inakula nini.

Haya, matibabu mapya. Yanayozungumzwa sana ni mawili, na la tatu ni la zamani lililovaa nguo mpya.

La kwanza ni mawimbi ya mshtuko. Si umeme, dada, usiogope jina. Ni mashine inayopiga kisigino kwa mapigo ya haraka kutoka nje, bila kukata, jamaa ya ile inayovunja mawe ya figo. Marekani waliidhinisha ya kwanza kwa ajili ya kisigino mwaka 2000. Mara nyingi hufanywa kwa awamu chache, wiki kwa wiki. Inauma wakati wa kupigwa, na nafuu haiji siku hiyohiyo, huja taratibu kwa wiki kadhaa. Wanaofaidika zaidi ni wale ambao wameshajitahidi miezi bila kupona. Mjamzito hafanyiwi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme kabla. Kwa hapa kwetu hii ni tiba ya miji mikubwa, na nauli, malazi na malipo yenyewe ni sehemu nzuri ya mavuno.

La pili ni damu yako mwenyewe. Wanakutoa damu kidogo, wanaizungusha kwenye mashine mpaka zile chembe sahani zikusanyike, halafu wanakuchoma nazo kisigino. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2019 walilinganisha sindano hii na ile ya steroidi kwa wagonjwa 115, na baada ya mwaka mmoja waliochomwa damu yao walikuwa na maumivu kidogo zaidi. Ni jambo zuri. Ni ghali pia, na si kila hospitali ina vifaa.

La tatu ndilo linalonikera: sindano ya steroidi. Hii ipo miaka mingi na inapatikana kirahisi, kwa hiyo ndiyo inayokimbiliwa. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba inapunguza maumivu kidogo, kwa muda wa hadi mwezi mmoja. Baada ya hapo faida haionekani. Na ina hatari zake: ukanda unaweza kukatika, lile pedi la mafuta linalolinda kisigino linaweza kusinyaa, na kwa mwenye kisukari sukari hupanda. Sisemi ni haramu wala kwamba daktari anayeitumia ni mbaya. Mikononi mwa daktari anayejua, kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, ina nafasi yake. Ninachopinga ni kuifanya tiba ya kwanza. Na ninachopinga zaidi ni kuifanya tiba ya wiki ya harusi.

Nitaeleza. Harusi nyingi huku hufungwa baada ya mavuno, pesa ikiwa mkononi. Binti anatoka shambani, mguu umeshachoka, anaingia kwenye mbio za maandalizi. Anakuja kujaribu gauni anachechemea. Mama yake anamwambia, "Mwanangu, si ukachomwe sindano Ijumaa, Jumamosi usimame kama wenzio?" Na kiatu kilichonunuliwa ni cha kuchuchumia, kirefu kama kikombe cha chai. Kwa hiyo tunaua maumivu ya mguu unaoomba kupumzika, halafu tunausimamisha juu ya ncha ya kiatu saa sita mbele ya kamera, tunaucheza ngoma, na Jumapili tunauliza kwa nini hauwezi kushuka ngazi. Maumivu yalikuwa mlinzi. Mlinzi kalazwa, mwizi kaingia.

Tunaupaka mguu wa bi harusi hina na piko mpaka juu ya kifundo, tunausugua kwa liwa na asumini, na katika wote waliouinamia hakuna aliyeuliza unauma wapi. Hapo nawalaumu kidogo masomo na makungwi. Mwari mnamfundisha kila kitu.

Sasa cha bure. Wadenmaki wamekifanyia kazi nzuri. Mwaka 2014 Michael Rathleff na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 48. Nusu walinyoosha mguu kwa namna ya kawaida, nusu walifanya zoezi moja zito la kupanda na kushuka kwa vidole. Baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi zito walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Dunia ikafurahi, tiba ya taulo na ngazi! Lakini napenda watu wanaorudi kujipima. Mwaka 2023 watafiti wa Denmark walirudi na wagonjwa 180 wakawagawa makundi matatu: wengine wakapewa maelezo mazuri na kikombe laini cha kuweka chini ya kisigino tu, wengine wakaongezewa zoezi, wengine wakaongezewa zoezi na sindano ya steroidi. Baada ya wiki 12 zoezi halikuwazidi wale wa maelezo tu, na walioongezewa sindano walizidi kidogo sana, kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe asingekiona kuwa kikubwa.

Yasome tena hayo, dada yangu. Maelezo mazuri na kikombe cha kisigino vilikaribiana na zoezi na sindano juu yake. Maelezo yenyewe ni nini? Kwamba huu si mfupa wala uzee wala jicho la mtu. Kwamba wengi hupona, ila kwa miezi, mara nyingi ndani ya mwaka. Kwamba upunguze kinachokiumiza bila ya kulala kitandani moja kwa moja, na urudi kwenye kazi taratibu. Ni dakika kumi za mtu mwenye subira, na ndizo ambazo mwanamke wa kijijini hazipati. Anapata dirisha, kidonge, na "mwingine".

Kwa hiyo nayaweka hapa kama nilivyoelezwa na mtaalamu wa fiziotherapia na nilivyoyasoma. Kabla hujashusha mguu alfajiri, kaa kitandani, uweke mguu mbovu juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka usikie ukanda umekaza chini ya unyayo. Hesabu kumi, achia. Mara kumi. Rudia mchana na usiku. Ni dakika tatu, adhana haijaisha. Ukitaka na lile zoezi zito, kwa sababu kuimarisha mguu hakuna hasara: simama kwenye kidato cha ngazi, kunja taulo uliweke chini ya vidole ili vipande juu, shika ukuta. Panda kwa vidole ukihesabu tatu, tulia mbili, shuka ukihesabu tatu. Mara kumi na mbili, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukizoea, beba mkoba wenye vitabu mgongoni. Kuuma kidogo ni kawaida, ila yakizidi kesho yake umepita kiasi.

Viatu navyo. Ndala bapa iliyolainika itupe, na usitembee peku kwenye vigae. Kiatu kizuri kina soli nene, kimeinuka nyuma kwa kama vidole viwili, kinashika mguu usiteleze. Raba za mtumba za sokoni zinatosha kabisa, mradi soli haijaliwa upande. Kikombe cha kisigino cha dukani kinafanya kazi, hakuna haja ya kile cha kuchongewa kwa bei ya mbuzi.

Tofali la moto? Nimewaona wanaokanyaga. Hijama? Sina ugomvi nayo. Lakini kama una kisukari, mguu wako haujui moto wala jeraha mpaka umeharibika, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni habari nyingine kabisa. Usikubali kuchanjwa wala kuchomwa kisigino.

Sasa tufike pale padogo panapouma. "Punguza kusimama." Nani apunguze? Mwanamke ambaye maji anachota yeye, sima anasonga yeye, mgeni akija anasimama yeye? Hii ndiyo dawa ambayo haiuzwi dukani, lazima itolewe na watu wa nyumbani. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Mimi kama fundi huifurahia sana habari hiyo, nguo na viatu kwa pamoja! Kwa hiyo shemeji zangu mnaosomewa ukurasa huu na wake zenu: kubeba ndoo mbili na kuosha sufuria kwa wiki nane si kutawaliwa na mke. Ni kununua tiba ambayo ingewagharimu nauli ya Dar. Na mama mkwe, mke mpya akiomba kigoda akatie mboga amekaa, mpe.

Katika swala usijitese. Kisimamo kikikushinda kwa maumivu ya kweli, ruhusa ya kuswali umekaa ipo tangu zama za Mtume, naye Imran bin Husayn aliipewa kwa maradhi yake. Wapo wanaosema kukunja vidole kwenye sijda kunanyoosha ukanda uleule. Kweli unanyooka, lakini swala si zoezi la mguu, tusiitangaze hivyo. Anayekwenda Umra aanze mazoezi na kutembea taratibu miezi miwili kabla, maana saayi peke yake ni kama kilomita tatu juu ya marumaru. Mwanamke kwenye ihramu anaruhusiwa kuvaa soksi na viatu, basi avae.

Wapo wasiopaswa kungoja. Maumivu yaliyoanza kwa kishindo kama kitu kimekatika, kisigino kilichovimba na kuwa chekundu, homa, ganzi, maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala, au visigino vyote viwili pamoja na mgongo unaokaza kila asubuhi kwa binti mdogo. Hayo ni ya hospitali. Sisi wa bondeni tuna Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, nanyi huko mna zenu. Na kwa bi harusi mpya nasisitiza hili: vidonge vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni usivimeze kama pipi. Ndoa changa mara nyingi mimba huja kabla hujajua, na dawa hizi zikifika wiki ya 20 ya ujauzito na kuendelea zinaweza kumdhuru mtoto. Wenye vidonda vya tumbo na figo dhaifu nao waulize kwanza. Ujauzito wenyewe huleta maumivu ya kisigino kwa sababu ya uzito, kwa hiyo kunyoosha kule kwa kitandani kujifunze mapema.

Mashine ya mawimbi naiwekea akiba ya aliyefanya haya yote kwa miezi sita na bado analia alfajiri. Akifika huko aulize awamu ngapi, jumla ni shilingi ngapi, na nani anashika mashine, daktari, mtaalamu wa fiziotherapia au kijana wa mapokezi.

Na wewe uliyeweka tarehe ya Shawwal, anza zoezi leo. Chagua kiatu kabla ya gauni, kifupi, kilichofunga nyuma, ukivae nyumbani wiki mbili. Ukija kwangu uje nacho mkononi. Pindo nalipima ukiwa umevaa kiatu hicho hicho utakachosimamia. Kikibadilika kutoka kirefu kwenda kifupi, nakata sentimita nane na lasi yote ya chini inashonwa upya, na hiyo kazi naihesabia pesa yake.